Upande wa Kushoto

Asubuhi hiyo mshonaji alikuwa ameshona mkono wa gauni la mteja ndani nje mara mbili, na yote kwa sababu ya kicheko cha mumewe. Cherehani yake ilikaa dirishani, dirisha lilitazama uani, na uani ndipo gari lilipokuwa limenyanyuliwa mbele juu ya vigoda viwili vya chuma, tairi zimelazwa pembeni. Hapo katikati ya vyuma na matambara mumewe alikuwa anacheka. Anacheka mpaka anashika kiuno. Na aliyemchekesha ni mwanamke.

Mwanamke mwenyewe alikuja na ovaroli iliyofifia rangi, buti za kiume, na kitambaa cha kufutia mikono amejifunga kichwani. Gereji walimwita Kamanda, na jina likamfuata mpaka mitaani. Alikuwa fundi wa magari tangu ujana wake. Mume wa mshonaji, ambaye sasa ni dereva, naye kabla hajapata gari lake la teksi aliosha vipuri miaka sita katika gereji hiyo hiyo, chini ya Kamanda huyo huyo. Jumamosi hii ilikuwa siku ya mapumziko ya Kamanda, akaamua kuja kumsaidia rafiki yake kubadilisha shokapu za mbele bila kudai hata senti.

Bila kudai hata senti! Hilo ndilo lililomkaba mshonaji kooni. Anayedai unamlipa, mnaagana, kila mtu anashika njia yake. Asiyedai utamwondoaje?

Na shokapu zenyewe zilinunuliwa na nani? Si yeye? Alishona sare za shule arobaini na mbili mpaka macho yakawa mekundu, pesa yote ikaenda kwenye vyuma viwili virefu vilivyofungwa kwenye karatasi ya mafuta. Hapakuwa na njia nyingine. Gari lilikuwa linagonga kila likikanyaga shimo, na breki zikishikwa linainamisha pua. Zahanati moja ilikuwa inatafuta gari la kuwachukua wagonjwa wa figo majumbani na kuwarudisha, siku tatu kila wiki, mkataba wa mwaka mzima. Mkuu wa usafiri wa zahanati alipanda gari la dereva, wakazunguka mtaa mmoja tu, akashuka ameshika mgongo.

"Ndugu yangu, mimi mzima nimeumia," alisema. "Mgonjwa je? Lilete Jumatatu saa mbili asubuhi likiwa limetulia. Likigonga hata mara moja, kazi nampa anayekufuata kwenye foleni."

Basi nyumba nzima ikawa inaishi kwa neno Jumatatu. Watoto walipelekwa kwa shangazi yao ili ua ubaki wazi. Hata mwenye nyumba, aliyekuja mara mbili wiki hiyo na uso wa kudai, aliambiwa Jumatatu.

Mshonaji alikanyaga cherehani huku jicho moja liko nje. Dereva alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, na Kamanda akamwekea kiganjani spana ile ile aliyoitaka. Hakuitaja. Hakutaja hata namba. Mwanamume huyo huyo, akiwa mezani, hutafuta chumvi iliyo mbele ya pua yake mpaka asukumiwe.

"Unamkumbuka yule mwenye lori?" Kamanda aliuliza kutoka chini ya gari.

"Aliyekuja na kuku kwenye boneti!" dereva akadakia, na wakaanza tena kucheka, hata kigoda kimoja kikatikisika.

Mshonaji hakuijua hadithi ya kuku kwenye boneti. Miaka kumi na moja ya ndoa, na hakuwahi kusimuliwa kuku wala lori. Alikata uzi kwa meno ingawa mkasi ulikuwa mkononi.

Upande wa kulia ulikuwa umeshakwisha. Dereva akazunguka kushoto, akachuchumaa, akashika shokapu kuukuu na springi yake aivute itoke. Hapo Kamanda akafoka.

"We mzee, acha! Usinyanyue kwa bega hilo. Unataka likukesheshe tena?"

Mguu wa mshonaji ukaganda juu ya kanyagio. Bega gani? Likukesheshe lini? Yeye ndiye anayelala kando ya bega hilo kila siku iendayo kwa Mungu. Alitazama. Mumewe aliachia chuma bila ubishi, akajisugua bega la kulia, na Kamanda akaivuta ile shokapu mwenyewe, akailaza juu ya gunia. Mtu aliyekuwa akibishana na mkewe hata kuhusu hali ya hewa alitii papo hapo, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Wivu, jamani, hauhitaji ushahidi. Ukikosa kuni huwaka kwa majani. Na huyu mwenzetu sasa alikuwa amepata gogo zima.

*

Alipeleka chai. Birika, vikombe vinne na mkate juu ya sinia.

"Karibuni chai," alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la kukatika kwa maji.

Mama mkwe alikuwa amekaa kivulini mwa ukuta akichambua maharage. Mama huyu aliishi nao mwaka wa tatu sasa. Moyo wake ulikuwa mzuri, ila ulimi haukujua kukaa ndani.

"Tazama mtoto wa kike huyo," alisema, akimnyooshea Kamanda kidevu. "Ningempata mkwe kama huyu, gari lisingefika mahali pa kugonga." Kisha akamwona mshonaji. "Utani tu, mwanangu. Usinune, utakunja uso bure."

"Mama, mimi nani ataniweza?" Kamanda alijibu, akipuliza chai. "Mkwe unaye, tena fundi kuliko mimi. Hilo gauni ulilovaa kakushonea nani? Mimi hapa hata kifungo kikinidondoka natia waya."

Kusifiwa na mtu uliyekwisha kuamua kumchukia ni adhabu. Mshonaji alitabasamu kwa meno ya mbele tu, akauliza vile ni nini, ilimradi asisimame bure. Alionyesha vyuma viwili vilivyokuwa kando ya gunia, kila kimoja na kulabu juu na chini na bolti ndefu katikati.

"Vibano, shemeji," Kamanda alisema. "Hivi ni vya gereji, nimeviandikia jina langu, Jumatatu alfajiri viwe vimerudi. Springi hii unayoiona imebanwa ndani ya shokapu kwa nguvu. Lazima uibane kwanza kwa hivi, ndipo ufungue nati ya juu. Kuna mwenzetu alifungua nati kabla ya kubana. Kile kikombe cha juu kinachoishika springi kikamrukia hapa." Akagusa taya lake. "Mpaka leo anakula vya kunywa."

"Nilikuwepo," dereva alisema, na mara hii hakucheka.

Walirudi kazini. Bolti moja ya kushoto, katika zile mbili zinazoishika shokapu kwenye gurudumu, ilikuwa imeliwa meno. Hairudishiki hiyo, alisema Kamanda, na dereva akajipangusa mikono, akatoka kwa miguu kwenda kutafuta nyingine dukani. Kamanda akabaki anasugua kutu. Ua ukawa kimya, na katika kimya hicho mshonaji akasimama mlangoni akiwa na simu mkononi.

Hakuwa amepanga. Hilo aliliapia baadaye, na huenda ni kweli. Lakini ulimi ulipoanza uliteleza vizuri kabisa.

"Mwenzako kapiga simu sasa hivi," alisema. "Kasema upande huu uliobaki ataumaliza mwenyewe. Wewe nenda kapumzike."

Kamanda aliinua macho. "Amesema hivyo?"

"Ndivyo alivyosema. Kasema amekusumbua vya kutosha."

"Na hii?" Kamanda alionyesha shokapu iliyolala juu ya gunia, springi yake bado imekaza.

"Kasema ataumaliza mwenyewe."

Kamanda akafuta mikono, akavitia vibano kwenye mfuko wake pamoja na spana zake, akafunga. Alikwenda kumuaga mama mkwe kwa kumshika mkono kwa mikono miwili, akatoka bila kumuaga mshonaji. Buti zake zilisikika mpaka kona ya barabara.

Mama mkwe alichambua maharage matatu, manne.

"Simu za siku hizi," alisema, "hazina hata mlio."

Mshonaji aliingia ndani, akakaa kwenye cherehani. Na hapo, acheni niseme ukweli, alijisikia vizuri. Alijisikia vizuri kwa muda wa mkono mmoja wa gauni.

*

Dereva alirudi na bolti mfukoni akiwa anapiga mluzi. Mluzi ulikatika getini.

"Kamanda yuko wapi?"

"Kaondoka," mshonaji alijibu kupitia dirishani, bila kuacha kukanyaga. "Kasema ana shughuli zake."

"Shughuli gani? Leo ana mapumziko."

"Mimi nitajuaje shughuli za watu?"

"Na vibano?"

"Kachukua."

Dereva alipiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga ya pili, ya tatu. Akakaa juu ya tairi, akaitazama simu.

"Amechoka na mimi," alisema, si kwa mkewe wala kwa mama yake. "Ukimtumia mtu bure, kuna siku anachoka. Lakini si angesema tu?"

Mshonaji aliona uso wa mumewe umesawajika, na kwa mara ya kwanza alihisi kitu kinamdunda kifuani kisichokuwa wivu. Angeweza kusema hapo hapo. Hakusema. Alijiambia jioni atatafuta namna, kesho Jumapili, siku bado zipo.

Dereva aliwapigia mafundi wawili. Mmoja alikuwa safarini, wa pili akamwambia vibano haviazimwi, aende na gari. Aende nalo vipi, gari limekaa juu ya vigoda, mguu mmoja haupo? Alizunguka ua mara mbili. Mwishowe akafungua buti la gari, akatoa kamba za kufungia mizigo.

Akaifunga springi, akaizungusha mara tatu, akakaza fundo kwa mguu. Kisha akapiga magoti, akaweka spana kwenye nati ya juu, uso wake ukiwa juu yake kabisa.

Mama mkwe alisimama, maharage yakamwagika. "Mwanangu, kwa kamba hiyo mimi hata mbuzi nisingemfunga!"

"Mama, Jumatatu hainisubiri."

"Na taya je, litakusubiri?"

Dereva alivuta spana. Nati ikalia. Robo mzunguko. Akashusha pumzi, akavuta tena, na kamba moja ikatoa mlio mkavu, uzi wake mmoja ukakatika na kusimama.

"Acha!"

Mshonaji hakujua ametokaje ndani. Alijikuta uani, ameushika mkono wa mumewe kwa mikono yake yote miwili.

"Acha, nakuomba. Kamanda hakuondoka mwenyewe. Nimemwondoa mimi."

"Umemwondoa?"

"Nilimwambia umepiga simu. Nikamwambia umesema upande huu utamaliza mwenyewe."

"Mimi? Nimesema mimi?"

"Hukusema. Nimesema mimi."

Dereva alibaki amepiga magoti. Alimtazama mkewe kwa namna ambayo watu hutazama nyumba waliyodhani ni yao wakikuta ufunguo hauingii.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu anajua bega lako!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Anajua bega, anajua kuku, anajua spana unayoitaka kabla hujasema. Mimi najua nini? Najua kufua mashati yako. Nina wivu! Haya, nimesema. Nina wivu mpaka pumzi hainitoshi."

Mama mkwe aliinua sinia lake la maharage. "Hapa hapanihusu," alisema, akaingia ndani, akasimama nyuma ya mlango ambako husikika kila kitu.

Dereva aliirudisha ile nati taratibu, kidogo kidogo, mpaka ikakaza. Akafungua kamba.

"Nenda kalete vibano," alisema.

"Na yeye?"

"Yeye utamwomba. Akija, vyema. Asipokuja ana haki yake."

*

Kamanda aliishi katika chumba cha tatu kwenye nyumba ndefu yenye vyumba sita na bomba moja. Mshonaji alimkuta anafua ovaroli kwenye beseni. Pembeni wanawake wawili walikuwa wanasukana nywele, na macho yao yakahamia kwa mgeni mara moja.

"Hodi."

"Mwambie mumeo simu zake nimeziona," Kamanda alisema bila kusimama. "Kama ana neno na mimi aje mwenyewe. Asiwe mtu wa kutumatuma mke."

"Sasa hivi ndiyo kanituma," mshonaji alisema. "Ile mara ya kwanza hakunituma."

Mkono wa msusi ukasimama kichwani mwa mwenzake.

"Sijakusikia, shemeji. Sema vizuri."

"Ile mara ya kwanza hakunituma. Hakupiga simu. Nilitunga mimi."

"Ulitunga."

"Nilitunga, ili uondoke kwangu."

Mmoja wa wale wanawake alisema, "Makubwa!" kisha akajifanya anakohoa. Mshonaji alisimama pale na joto likimpanda kutoka shingoni hadi masikioni. Alitamani atukanwe. Matusi angeyajibu, angalau yangempa kazi ya kufanya. Kamanda hakumtukana. Aliikamua ovaroli, akaitundika kambani, akainyoosha mikono na miguu yake, akaingia ndani. Alirudi na ule mfuko.

"Amegusa nati?"

"Amegusa. Alifunga kamba. Nikamzuia."

Kamanda alifumba macho kidogo. "Kichwa maji yule." Akatoa vibano, akavielekeza hewani. "Sikiliza. Kimoja huku, kingine mkabala wake. Wewe ukae huku, yeye kule. Mnakaza kwa zamu. Wewe mzunguko mmoja, unaacha. Yeye mzunguko mmoja, anaacha. Mmoja akitangulia springi inapinda, na ikipinda inachomoka. Ikianza kucheza ndani ya vikombe vyake, hapo ndipo nati. Kufungua ni vivyo hivyo, kwa zamu. Umeshika?"

"Nimeshika. Kamanda, twende wote. Nakuomba."

"Mimi siji."

"Dada yangu..."

"Vibano nakupa kwa sababu sitaki kusikia kesho kwamba hana taya. Mimi siji."

Mshonaji alivibeba mtaa mzima, begani, vikigongana. Vilikuwa vizito kuliko alivyovidhania.

*

Walikaa chini, gunia katikati yao, springi juu ya gunia. Jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili.

"Kaza," dereva alisema.

Mshonaji akakaza. "Tayari."

Dereva naye akakaza. "Tayari. Kaza."

Kila mtu alikuwa na hasira na hakuna aliyeweza kuondoka, maana kuondoka katikati ya springi iliyobanwa nusu ni wazimu. Mizunguko ikawa migumu. Katika wa tisa dereva alivuta, akasita, akavuta tena akiuma meno. Spana ikarudi nyuma.

"Bega limekataa," alisema.

Mshonaji alizunguka gunia kwa magoti, akaichukua spana mkononi mwake, akakaza upande wa mumewe. Akarudi upande wake, akakaza. Akazunguka tena.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Miezi miwili. Nilibeba friji ya mteja."

"Miezi miwili unaniambia umelala vibaya."

"Kaza."

"Nimekaza. Kwa nini umwambie yeye?"

Dereva alishikilia springi huku mkewe akizunguka na kurudi. "Kwa sababu yeye nikimwambia linauma, anasema pumzisha, yameisha. Wewe nikikwambia utaogopa. Utahesabu siku nisizoendesha, utashona mpaka usiku wa manane. Nikikuona umeogopa, naogopa mimi."

"Kwa hiyo mimi kazi yangu ni kutojua."

"Sikusema hivyo."

"Ndivyo ilivyo lakini."

"Na wewe?" Sasa sauti yake ilipanda. "Wateja wako wanajaa hapo dirishani, mnacheka mpaka majirani wanasikia. Mimi nikiingia, kimya. Mnanitazama kama nimekuja kusoma mita ya umeme. Nimewahi kumfukuza nani?"

Mshonaji alijua ni kweli. Alikaza.

Springi ilicheza. Dereva aliisukuma kwa kidole, ikazunguka ndani ya vikombe vyake bila nguvu. Alifungua nati, akatoa kikombe, akatoa springi pamoja na vibano vyake, akaisogeza mbali kwa mikono miwili. Shokapu kuukuu aliisimamisha, akasukuma fimbo yake chini. Ilizama ikabaki huko huko, imelowa mafuta. Ile mpya ilipanda yenyewe.

Waliifunga springi kwenye shokapu mpya, wakalegeza vibano kwa zamu, wakairudisha kwenye gari. Nati tatu juu, ndani ya boneti, bolti mbili chini, ile ya dukani ikiwemo. Mama mkwe ndiye aliyeshika tochi ya simu, akimulika kila mahali isipokuwa palipotakiwa. Gari liliposhushwa tairi zikagusa ardhi, dereva alisema "Asante" akiwa analitazama gari. Mshonaji hakujua hiyo asante ni ya nani.

*

Jumapili dereva alilijaribu gari barabarani, kwenye mashimo yote aliyoyajua. Hakulijaribu na mkewe. Alimchukua mama yake, akamketisha mbele, wakatoka. Mama mkwe aliporudi alitangaza kwamba ameshikilia kikombe cha maji njia nzima na kimemwagika kidogo tu, tena kwa sababu ya mkono wake. Mshonaji alilisikia hilo kutoka jikoni.

"Vibano vinatakiwa gereji kesho alfajiri," dereva alimwambia. "Mpelekee Kamanda."

"Wewe huendi?"

"Nilizungumza naye kwa simu. Mimi na yeye tumemaliza. Wewe ndiye una njia ya kwenda."

Mshonaji alivifuta kwa mafuta ya taa, akavipaka grisi kwenye meno ya bolti, akavifunga kwenye kitambaa kipya. Safari hii hapakuwa na wasusi. Kamanda alivipokea mlangoni, akavikagua kimoja kimoja kama mtu wa ghala.

"Gari linasemaje?"

"Limenyamaza."

"Nani alikaza?"

"Mimi. Bega lilimgomea."

"Hm." Kamanda aliviweka chini. Hakumkaribisha ndani.

"Njoo kwetu Jumapili ijayo ule nasi," mshonaji alisema. "Nimekosa. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Nimekosa, nisamehe."

"Shemeji," Kamanda alisema polepole, "wivu wako siulaumu. Wivu ni wa watu. Na uongo wenyewe nao ningeusamehe. Lakini nilitoka kwenu na mfuko wangu, nikafika hapa, nikakaa kitandani na buti miguuni. Saa mbili nzima nikiamini yule mtu amenichoka na hakuwa na uso wa kuniambia. Mtu niliyemfundisha kushika spana. Nilipitia miaka yote nikitafuta nilipomkosea. Mpaka ulipokuja wewe. Hizo saa mbili sijakusamehe. Labda nitakusamehe, ila bado. Nenda salama."

Mlango ulifungwa taratibu, bila kishindo. Mshonaji alilia njiani, akanyamaza kabla ya kufika getini.

*

Jumatatu saa mbili kamili mkuu wa usafiri wa zahanati alilisimamia gari, akaweka viganja viwili juu ya boneti, akaligandamiza kwa uzito wake wote. Likashuka, likapanda, likatulia. Akapanda, wakazunguka mtaa ule ule. Aliposhuka mkono wake haukwenda mgongoni. Ulikwenda mfukoni, ukatoka na kalamu.

Jioni vigelegele vya mama mkwe vilifika mpaka kwa mwenye nyumba, naye akaja kupongeza kwa namna yake. Mkataba uliwekwa katikati ya meza, ukasomwa mara tatu. Mshonaji alipakua chakula. Dereva tangu Jumamosi alikuwa akimjibu mkewe maneno ya lazima tu, ndiyo, hapana, weka pale. Sasa alimtazama.

"Kamanda alikwambiaje jana?"

Mama mkwe aliacha kutafuna.

Ilikuwa rahisi mno. Furaha imejaa nyumbani, mkataba uko mezani, mtu mwenyewe hayupo. Angesema amesema yameisha, na mume angeamini, kwa sababu alitaka kuamini. Maneno yalikuwa tayari yamekaa kwenye ncha ya ulimi, yamevaa na kuchana nywele. Mshonaji aliweka upawa chini.

"Alisema hajanisamehe," alisema. "Alisema labda atanisamehe, lakini bado."

Dereva alitikisa kichwa kukubali, mara mbili.

"Mimi pia bado," alisema. Akavuta kiti kilichokuwa kando yake, akakipangusa kwa kiganja. "Kaa tule."